Sista wa Kuze na Vuli Iliyowahi

Sista alimwogesha mtoto mchanga kwa kata moja ya maji, na mtoto alitoka safi kuliko wale tuliowatumbukiza kwenye beseni. Alimlaza juu ya mkono wake wa kushoto, kichwa kikiwa kiganjani, akaanza machoni, akashuka shingoni, akamalizia kwenye mikunjo ya mapaja. Yale yaliyobaki, maana kila mara yalibaki, aliyamwagia mrehani uliokuwa kwenye kopo dirishani. Mwanzo nilidhani ni ubahili. Baadaye nikajua kwamba kwao ndivyo watoto wanavyoogeshwa, na kwamba huko hiyo kata moja nayo huchotwa mbali.

Nasema Sista kwa sababu ndilo jina tulilomjua nalo. Alikuwa na jina la kanisani na jina la kwao, yote mawili yako kwenye kitambulisho chake, lakini mtaa wetu wote wa Kuze, tangu muuza kahawa hadi imamu, ulimwita Sista. Hata yeye akipiga simu alisema, "Ni mimi, Sista," na akashangaa mtu wa ofisini akimuuliza Sista gani. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Alipostaafu alirudisha sare, lakini kazi hakuirudisha.

Nyumba yetu ina ghorofa mbili juu ya duka. Chini ni duka la nafaka la Bhai, Mwislamu mwenzetu ambaye wazee wake walitoka Bara Hindi. Katikati tunakaa sisi. Juu kabisa kuna chumba kimoja na roshani ndogo, na hapo ndipo alipokaa Sista. Alikipanga kwa mama yangu mimi nikiwa bado nasoma, akasema atakaa kidogo tu mpaka apate nyumba mtaa wa Tudor karibu na wenzake wa kazini. Hakuipata, au hakuitafuta. Mimi nimeolewa, nimezaa, nimekuwa bibi, na yeye bado aliniita "wee mtoto" mbele za wakwe zangu.

"Pumua kwanza," ndiyo iliyokuwa kauli yake. Ukimpandia ngazi mbio, mtoto ana homa, mume ameanguka, hakukusikiliza mpaka uvute pumzi. "Pumua kwanza. Haya, sasa sema." Aliwaambia hivyo wazazi wodini, akamwambia Bhai siku duka lilipoingiwa na maji taka, na safari moja akamwambia karani wa ofisi ya maji aliyekuwa akimfokea kwenye dirisha. Karani akapumua kweli. Watu waliokuwa kwenye foleni walituhadithia kwamba baada ya hapo alisema naye kwa adabu, ingawa maji hayakuja.

Kiswahili chake kilikuwa chetu. Aliamkia kwa sabalkheri na masalkheri, akauliza habari za watu wa nyumba mmoja baada ya mwingine asiruke mtu. Ila akihesabu matone ya dawa, alihesabu kwa lugha ya kwao, polepole, midomo ikicheza. Kwao ni bara, mbele ya Voi, mahali ambapo treni hupita bila kusimama. Zaidi ya hapo hakutuambia, na mama alitufunza tusimchimbe mtu.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa mikononi mwake, mchana wa Ijumaa, nyumbani. Hatukupanga hivyo. Baba watoto alikuwa zamu bandarini, wanaume wote wa mtaa wako msikitini, vichochoro vimenyamaza, na uchungu ukanishika kwa ghafla hata kufika barabarani kungojea gari sikuweza. Sista ndiyo kwanza anarudi kazini, viatu hajavua. Alinilaza ukumbini, akamtuma mama achemshe maji, akaanza kunikaripia. Nilikaripiwa nini sikumbuki. Nakumbuka sauti yake tu, inakwenda na kurudi, nami naifuata. Kisha ikanyamaza. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu nilikuwa sijawahi kumwona Sista kazini akiwa kimya. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni. Nilisikia mama akisoma dua kwa sauti ya chini, na nje muadhini amemaliza zamani, hakuna hata mlio wa baiskeli. Halafu mtoto akalia.

"Huyu ana kiburi," Sista akasema. "Ametungojesha makusudi."

Mama alitaka kumpa doti ya leso mpya kabisa, aliyokuwa ameiweka kwa harusi ya ndugu. Sista akaisukuma.

"Leso ninazo. Mkitaka kunishukuru, fagieni ngazi yenu. Nimepanda juu ya maganda ya machungwa."

Mama alicheka mpaka akatoka machozi, na mimi nikacheka naye. Ngazi ile mpaka leo inafagiwa kila Ijumaa kabla ya adhana, na wanaoifagia siku hizi hawajui sababu yake.

Bhai naye alikuwa na ugomvi na Sista ambao haukuisha. Kila asubuhi Bhai alimwaga maji mbele ya duka ili vumbi litulie. Kila asubuhi Sista alitokeza kichwa roshani.

"Bhai, maji hayo ungempa mtu akanywa."

"Sista, hii ni baraka ya duka."

"Baraka yenyewe imekauka kabla hujafungua kufuli."

Mke wa Bhai alipopatwa na presha, Sista alishuka kila jioni kumpima, akamkataza chumvi, akamfundisha binti wa nyumba kupika bila chumvi, akampeleka hospitali mwenyewe siku alipoona vidole vimevimba. Mwanamke akapona. Siku ya mwisho ya kumpima, Sista akitoka alipita kwa Bhai dukani, naye Bhai akasimama ili amshukuru. Kabla hajafungua mdomo Sista akamwambia, "Na yale maji ya asubuhi nimeyaona."

Sikukuu zetu alizijua kuliko sisi. Mwezi wa Ramadhani hakula mbele yetu, hata tumwambie vipi kwamba hana lawama. Akitaka kunywa maji alivuta pazia. Jua likizama alishuka na kikombe chake mkononi akapokea uji wa pilipili manga, akakaa kwenye jamvi na watoto. Krismasi ikawa zamu yake. Alimnunua kuku kwa mchinjaji wetu ili tuweze kula, akapika pilau. Pilau yake haikuwa nzuri. Wali uliiva upande mmoja, na binzari aliitia kama anayetia dawa kidondani. Tuliila yote kila mwaka, na mama alikuwa akitutazama mmoja mmoja kuhakikisha kuwa hakuna anayebakisha.

Mama alipofariki, Sista alijua kwamba kuosha si kazi yake. Wanawake wa mtaa waliingia chumbani, pazia likateremshwa. Siku hiyo mfereji wa nyumba ulikuwa mkavu, bomba halitoi tone. Sista alijifunga leso kiunoni, akateremka mpaka kisima cha msikiti, akapanda na ndoo, akashuka, akapanda, na kila ndoo aliipokeza mlangoni bila kuchungulia ndani. Alikuwa mtu mzima tayari, magoti yamekwisha kuanza kumsumbua. Vijana walitaka kumpokea, akakataa. Tulipomaliza, mwosha mkuu alitoka nje akamshika mikono yote miwili.

"Mola akulipe, Sista."

"Alikuwa shoga yangu," Sista akajibu.

Nisimfanye malaika. Alitukataza sukari nyumba nzima, na ndani ya saraka ya dawa alificha halua. Alihubiri usafi kwa kila aliyepita, na chumba chake mwenyewe kilijaa makopo, magazeti na mifuko iliyokunjwa, hata kiti cha mgeni kilibidi kivuliwe vitu kwanza. Alidunga watu sindano maisha yake yote, lakini yeye alipotakiwa kudungwa alinichukua mimi hadi kliniki, akanishika mkono, akafumba macho na kuniuliza kama imekwisha kabla haijaanza. Siri za uzazi za mtaa mzima zilikuwa kifuani mwake na hakuna iliyotoka hata moja. Lakini ugomvi wa kwaya ya kanisani kwake alituhadithia wote, nani hataki kusimama karibu na nani, mpaka tukawa tunawajua watu tusiowahi kuwaona. Na kwenye harusi alicheza chakacha. Alikicheza kiuno kwa uso mzito, kama anayeshika zamu ya wodi, na wanawake walikuwa wakimngoja yeye tu ili wafe kwa kicheko.

Sasa niseme habari ya ukame.

Sisi watu wa kisiwani huujua ukame kwa mfereji. Vuli ya mwaka uliotangulia haikunyesha kitu. Masika yakaja membamba, yakaisha kabla watu hawajatoa miavuli. Mfereji uliokuwa ukitoka mara moja kwa wiki ukawa hautoki. Kisima cha msikiti kikaingia chumvi, hata chai yake ilikuwa na ladha ya machozi. Wenye mikokoteni wakapandisha bei ya mitungi, na kwenye vichochoro vyetu ukawa husikii ila magurudumu yao tangu asubuhi. Maziwa yakapungua, mboga zikawa majani ya kutafutwa. Waliotoka Mariakani walisema wameona mizoga ya ng'ombe kando ya barabara.

Sista ndiye aliyepanga zamu ya maji ya nyumba yetu. Mtungi ukija, kwanza wenye watoto wachanga, kisha wazee, kisha wengine. Yeye alikuwa mzee kuliko wote lakini alijiweka mwisho, na ukimwambia, alijibu kwamba mipango ni yake na hataki ushauri. Jioni alisimama roshani akitazama juu. Nilidhani anatafuta wingu la hapa. Siku moja nikapanda kumpelekea mkate nikaona uso ameuelekeza magharibi, upande wa kwao.

Halafu akaja mdogo wake. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango: mwanamume mrefu, suruali imefungwa kwa kamba kiunoni kwa sababu mwili umeikimbia, kofia ameishika mkononi. Aliniamkia kwa heshima akauliza kama hapa ndipo anapokaa dada yake, muuguzi. Nilimkaribisha ukumbini, nikamletea glasi ya maji, nikamwita Sista. Yule bwana alikunywa nusu. Nusu iliyobaki akaifunika kwa kofia yake.

Sista aliposhuka hawakukumbatiana. Alikaa mbele yake, akamtazama kama anavyotazama mgonjwa.

"Ng'ombe?"

"Hakuna ng'ombe."

"Mbuzi?"

"Wapo wanaosimama."

"Nilikwambia uhame," Sista akasema. "Nilikwambia mapema."

"Nihamie wapi, dada? Ghorofani kwako?"

"Hata ghorofani."

"Na wale wengine wote je?"

Nilitaka kuondoka, Sista akaniashiria nikae.

"Sikuja kuomba kuhama," mdogo wake akasema. "Nimekuja kukwambia kwamba zahanati haina mtu. Muuguzi aliyekuwapo amehamishwa na mwingine hajaletwa. Kina mama wanajifungulia majumbani, na wengine hawana nguvu ya kusukuma. Watoto wanaletwa pale wakiwa wameharisha, wanakuta kufuli."

"Mimi ni mzee."

"Najua."

"Magoti yangu hayafai."

"Najua, dada."

Bwana yule akainua kofia, akanywa ile nusu ya maji, akaniambia asante mwanangu, akasema ana basi la kuwahi. Sista alimsindikiza hadi mlango wa chini, akarudi, akapanda kwake bila kunitazama.

Asubuhi ya siku ya pili yake nilisikia vitu vikiburutwa juu. Nikapanda. Makopo yote yalikuwa sakafuni, na yeye anatia kwenye sanduku bendeji, mikasi, mzani wake wa watoto na viatu vyake vyeupe vya kazini.

"Unakwenda?"

"Waniona nafanya nini?"

"Utarudi lini?"

"Wee mtoto, sijaondoka, wauliza kurudi."

Nilikaa kitandani kwake nikalia. Sikuficha. Mama hayuko, na sasa na yeye anakwenda mahali pasipo maji, na umri ule. Aliniacha nilie, akaendelea kukunja nguo. Kisha akaja akakaa karibu yangu, akaniambia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Miaka yote hii nimezalisha watoto wa watu. Kule kuna wajukuu zangu, watoto wa watoto wa mdogo wangu."

Bhai alipopata habari alipanda ngazi, mtu ambaye kwa kawaida hapandi hata ya dukani kwake. Alisimama mlangoni akihema.

"Sista, lori linaloniletea maharagwe likirudi bara hurudi tupu. Lipitie kwako?"

Sista akaweka chini nguo aliyokuwa akiikunja.

"Litabeba nini?"

"Unga. Na lile tangi langu la plastiki la uani. Mimi nitafanya kwa ndoo."

"Asante, Bhai," akasema. Hakuongeza neno la ugomvi. Wiki ile, na zote zilizofuata, sikumwona Bhai akimwaga maji mbele ya duka.

Basi akaenda. Nyumba ikawa na utulivu ambao hakuna aliyeupenda.

Alikuwa akipiga simu. Ilimbidi apande jabali moja nyuma ya zahanati ili mtandao ushike, kwa hiyo alisema upesi, na karibu yote yalikuwa amri. Leteni dawa ya kuharisha, zile pakiti. Leteni tende, zile laini. Msinitumie biskuti, biskuti zataka maji. Mimi nilikusanya kwa wanawake wa nyumbani kwetu na wa nyumba za jirani, imamu akatangaza baada ya sala ya Ijumaa, na wenzake wa kwaya wakaleta vyao kutoka Tudor mpaka mlangoni kwetu. Siku hiyo nikawajua kwa sura watu niliokuwa nawajua kwa ugomvi wao. Walikaa ukumbini kwetu wakafunga mizigo pamoja na wanawake wa mtaa, na wawili ambao najua hawapendi kusimama karibu, walishika gunia moja. Lori la Bhai lilibeba vyote. Sikupata kuushukuru mtaa wangu namna ile kabla ya mwaka huu.

Vuli ya kwao, alivyotuambia, watu waliitarajia Novemba, kama itakuja. Ilikuja Septemba haijaisha.

Kwetu ilianza mchana. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa joto, halafu kikapita kivuli juu ya mabati, halafu nikasikia tone moja kwenye sinia la shaba lililoanikwa dirishani. Sekunde chache baadaye mtaa mzima ulikuwa nje. Wanawake walitoa ndoo, sufuria, mabeseni, hata birika za chai. Watoto wa madrasa walitoka na mwalimu wao hakuwarudisha. Bhai alisimama mlangoni mwa duka na mikono imekunjwa, na maji ya paa yakamwagika pale pale alipokuwa akimwagia yeye. Ilinyesha chini ya saa moja. Mapipa yalijaa. Tuliyafunika kwa vitambaa na tukakaa tukiyatazama.

Simu ya Sista ilikuja kesho yake.

"Kumenyesha huko?" nikauliza kabla ya salamu.

"Jana na leo."

"Mabwawa?"

"Limeshika moja, robo yake. Mbuzi wanakunywa." Akavuta pumzi. "Usishangilie, wee mtoto. Nyasi si chakula cha watu, na waliokwenda hawarudi." Upepo ukavuma kwenye simu. "Lakini kumenyesha," akasema, na sauti yake haikuwa sawa.

Alikuja mwisho wa Oktoba. Asubuhi niko jikoni nikasikia sauti ya Bhai chini.

"Sista, umekonda."

"Na wewe umenenepa. Tumegawana."

Nilishuka ngazi sijui kwa miguu gani. Alikuwa amesimama mbele ya duka, ngozi imekuwa nyeusi zaidi, mashavu yameingia, na miguuni ana gunia lililoloweshwa maji lisikauke njiani. Nilimkumbatia, akakubali, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akafungua gunia. Lilikuwa limejaa majani ya kunde, kijani kibichi, udongo mwekundu bado uko kwenye vikonyo.

"Kunde zenyewe bado," akatuambia. "Hizo zinangoja mvua nyingine, na sijui kama itakuja. Lakini majani hutangulia. Tumekula haya kila siku wiki nzima sasa. Nikasema watu wa Kuze nao wale."

Aliyagawa mwenyewe. Mafungu kwa Bhai, kwa imamu, kwa nyumba za jirani, na moja kubwa la kupelekwa Tudor kwa kwaya. Watu walipokea kwa mikono miwili. Mboga ile sokoni si kitu. Lakini wote tulikuwa tunajua imetoka kwa watu gani, na mke wa Bhai alilishika fungu lake akaingia nalo ndani upesi.

Tulipika mimi na yeye. Nilikuna nazi, yeye akachambua majani, akaketi kwenye kibao cha jikoni kama zamani. Alinieleza bila kuulizwa. Mvua imenyesha mara mbili tu tangu ile ya kwanza. Watu wamepanda, na wengine wamepanda mbegu waliyokuwa wameiweka ya kula. Mdogo wake amepewa mbuzi jike na jirani. Zahanati wameahidiwa muuguzi, na yeye atakaa mpaka amwone kwa macho. Wamezaliwa watoto, na wote wako hai.

"Ila kuna mmoja alinishinda," akasema, anatazama majani. "Si mchanga. Msichana wa kutembea. Mama yake alimbeba mgongoni mchana kutwa. Nilimtilia maji ya dawa kwa kijiko mpaka jioni, kijiko baada ya kijiko, na alikuwa akinitazama. Mvua ilikuja siku chache baadaye."

Nikaendelea kukuna nazi, na nazi ilikuwa imekwisha.

"Na waliobaki?" nikauliza mwishowe.

"Waliobaki wanakula." Akaosha majani kwa maji kidogo, akayakamua. "Wanakimbizana pale uani, wananipigia kelele. Ndilo nalomshukuru Mungu kwalo. Na nyinyi nawashukuru. Sikupata kuwaambia kwenye simu, kule juu ya jabali kuna upepo."

Hilo lilikuwa jambo zito kwa Sista kulitamka, na alipolitamka akainuka upesi kuitazama sufuria.

Tulikula ukumbini, sinia moja, wali na mboga ya kunde kwa tui zito. Bhai alipanda, mkewe akapanda, binti yangu akaja na mtoto wake. Sista alikula vizuri. Akaniambia chumba cha juu nikipangishe mtu mwingine, nikamwambia tutazungumza, akasema hakuna la kuzungumza. Kisha akasema basi lake ni la saa kumi, ajinyooshe kidogo tu kwenye mkeka, na tumwamshe saa tisa.

Akalala pale pale, mkono chini ya shavu, na usingizi ukamchukua kabla hatujaondoa sinia.

Sikuwahi kumwona Sista amelala. Miaka yote ile alikuwa wa mwisho kuzima taa na wa kwanza kufungua dirisha. Tulisimama tukamtazama. Binti yangu akamnyanyua mtoto asije akampanda. Bhai aliokota viatu vyake mlangoni, akashuka ngazi navyo mkononi, na baada ya muda redio ya dukani ikazimwa. Habari ikatembea mtaani, sijui kwa mdomo wa nani. Mwenye mkokoteni aliyekuwa akipita na mitungi alinyanyua magurudumu pale penye jiwe mbele ya nyumba yetu. Saa tisa ikafika. Nilimtazama binti yangu, naye akatazama ukuta. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, Sista akageuka upande wa pili, akaendelea kulala. Saa kumi ikafika.

Alipoamka, jua lilikuwa limekwisha kushuka nyuma ya nyumba za mbele. Aliketi, akajifunga leso vizuri, akatazama dirisha, kisha akatuangalia mmoja mmoja.

"Nani aliyeambiwa aniamshe?"

Sote tukamtazama mtoto.

"Basi nitieni chai," Sista akasema.